Blowa ya Kupandia Subukia

Vijana wangu wa mtaa wa Rhonda, nimewasikia. Kila mkipata chuma kutoka kwa gari lililogongwa mnanibebea hapa kibarazani, mnakiweka miguuni pangu na kuuliza, "Mzee, hii supachaja ni noma ama ni kazi bure?" Mimi nakigeuza, nanusa oili iliyoganda ndani, nazungusha mhimili wake kwa kidole. Kisha nawauliza gari ni gani na litapanda wapi. Mnacheka. Mnadhani mzee amesinzia akasahau swali. Juzi mmoja wenu alinijibu, "Sasa mzee, mambo ya kupanda yameingia wapi na nimeuliza tu kama ni poa?" Nikamwambia aketi nimweleze. Hakuketi, alikuwa na mteja. Basi nimeamua kuandika. Mteja akiondoka, atasoma.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nawaheshimu sana wahenga, lakini hawakuwahi kufungua boneti.

Anzeni na hewa. Nakuru tuko juu, hewa yetu ni nyepesi, na ukielekea Molo inazidi kuwa nyepesi. Injini hula hewa na petroli pamoja. Hewa ikipungua, hata ukiimwagia petroli ya kuogelea haishibi, inapaliwa tu. Miaka ile ya hamsini, malori yaliyopanda mlima wa Sachangwan na mzigo yalikwenda mwendo wa maiti. Turniboi, yaani utingo wa lori, alikuwa anashuka na kutembea kando akiwa na gogo begani, lori likikata tamaa alitupe nyuma ya gurudumu. Nimewahi kuona turniboi akichuma matunda ya porini njiani na bado akalifikia lori lake bila kukimbia.

Blowa, ndivyo tulivyoiita supachaja, ni pampu ya kuisukumia injini hewa. Injini yenyewe ndiyo inayoizungusha, kwa mkanda au kwa gia. Hizi turbo zenu zinazungushwa na moshi wa ekzosi, na hilo ni somo jingine. Lakini mkumbuke jambo moja: huku kwetu blowa haiji kukupa utajiri. Inakurudishia kwanza kile ambacho mlima umekunyang'anya.

Mimi naitwa Athumani. Baba yangu alitoka Pwani akifuata reli, akashukia Nakuru na hakurudi tena. Nilijifunza kazi katika gereji ya Fundi Gurdial, Kalasinga mmoja mpole, nyuma ya stesheni. Fundi Gurdial hakuwa na vipimo vingi. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha aliiweka kwenye injini, mpini akauuma kwa meno, akafumba macho, na sauti ya ndani ikampanda kichwani kupitia taya. Akifumbua macho alikwambia beringi ipi imekwisha. Mchana alipasha chapati zake juu ya injini iliyotoka safari. Sisi wafanyakazi tulitaniana kwamba chapati ikiiva upande mmoja, fundi anajua silinda ipi haichomi.

Mimi nilikuwa mtu wa ndoto za mchana, na sijui kama nimepona. Mlango wa gereji ulitazama ziwani. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya maji mpaka hujui ziwa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, na ndani ya weupe ule ulisikia tu makelele ya heroe. Nilikuwa nasimama na spana ya nusu inchi mkononi, nati imelegea nusu, nikiwaza injini zinazopumua kwenye nchi nisizozijua. Fundi Gurdial aliniita bila kuinua kichwa. "Athumani, wewe nakwenda Ulaya tena? Rudi, iko kazi hapa."

Kwenye rafu ya gereji tulikuwa na blowa tatu, na kila moja ilikuwa na tabia yake. Zishikeni tabia hizi, kwa sababu hata leo zimebadilika majina tu.

Ya kwanza tuliiita Mapacha. Ndani yake kuna vyuma viwili vyenye umbo la namba nane, vinazunguka vikikumbatiana bila kugusana. Haibani hewa ndani yake, inaichota na kuisukuma tu, mafungu mafungu. Ni nzito, ina kelele, na inaipasha hewa joto. Lakini inachota tangu injini inapozunguka polepole. Ukikanyaga, ipo.

Ya pili ilikuwa ya vibao. Ni pipa lililowekwa upande ndani ya pipa jingine, lenye vibao vinavyoteleza kutoka na kuingia. Hiyo inabana hewa vizuri, tena kwa utulivu. Ubaya wake inataka oili wakati wote na haipendi vumbi. Mzungu mmoja wa Njoro alituletea gari lake lenye blowa hiyo, linatoa moshi wa samawati kama mtu anayechoma takataka. Tulipofungua tukakuta vumbi la barabara ya Elementaita limekula vibao mpaka vimekuwa vijiti. Akatuuliza ni nani aliyemharibia gari. Fundi Gurdial akamwonyesha barabara.

Ya tatu, jamani, ya tatu ilikuwa ya feni. Gurudumu dogo lenye mapezi, unaweza kulibeba kwenye kofia, lakini linazunguka kwa kasi ya kutisha. Ilitoka kwenye gari la mashindano lililopinduka. Ikikolea inapiga mluzi mwembamba, mrefu, unaopanda juu kabisa. Niliupenda mluzi ule kuliko nilivyowahi kupenda wimbo. Nilikuwa nausikia usingizini. Na tabia yake ni hii: injini ikizunguka polepole haikupi kitu. Lazima injini ilie. Ukizidisha kasi mara mbili, msukumo wake haupandi mara mbili, unapanda mara nne. Ukipunguza, unaanguka vivyo hivyo.

Sasa nisikilizeni. Kule bonde la Subukia kulikuwa na zahanati ya misheni, na mkunga wake aliitwa Mama Eunisi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Zahanati ilikuwa na gari kuukuu la kubebea wagonjwa. Mama mjamzito uzazi ukimshinda, alipakiwa humo aletwe hospitali ya Nakuru. Lakini kutoka Subukia lazima upande ule ukuta wa mlima, na mnaujua. Asubuhi moja Mama Eunisi aliingia gerejini, akasimama katikati ya oili na viatu vyake vyeupe.

"Fundi, gari langu linapanda kama mgonjwa mwenyewe. Nimezalisha akina mama wawili kwenye kona ya juu, hakuna maji, hakuna kitanda. Sitaki lipendeze. Nataka lifike."

Fundi Gurdial alikuwa na safari ya Kisumu, harusi ya mdogo wake. Akaniambia maneno niliyoyangoja miaka mitano. "Athumani, hii kazi yako. Iko blowa tatu. Wewe chagua. Lakini tumia akili, hapana tumia masikio."

Na mimi nikatumia masikio.

Sitawadanganya kwamba sikuwa na sababu. Ya feni ilikuwa nyepesi na iliingia chini ya boneti bila kukata kitu. Mapacha ingetaka kukatwa boneti, kutengenezewa kikalio cha chuma, kazi ya wiki nzima. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni kwamba niliona gari la misheni likipita mjini likipiga mluzi, watu wanageuka, na mimi nimesimama mlangoni. Nikafunga ya feni. Nikapanua na njia za petroli kwenye kabureta, maana hewa nyingi inataka petroli nyingi.

Kujaribu gari, mji wetu ulikuwa na desturi. Gereji zote zilijaribia barabara ya Naivasha, pale kwenye tambarare ya Elementaita, mpaka huko Kikopey mnakokula nyama siku hizi. Gari jema lilijulikana huko. Nikaenda na Kiprono, dereva wa zahanati, gari tupu, sisi wawili tu. Mluzi ukaanza chini kabisa, ukapanda, ukapanda tena. Ziwa likapita upande wetu kama shuka linalovutwa. Pundamilia waliinua vichwa. Vumbi jeupe lilituinukia nyuma, na Kiprono, mtu asiyecheka ovyo, alikuwa anacheka mdomo wazi. Vijana, nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu analijua hilo.

Baada ya siku kumi Kiprono alirudi gerejini. Nilimpa chai. Aliishika bila kuinywa.

"Fundi, ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha usiku. Nilikuwa na bibi ya mchunga kondoo, anaitwa Rebeka. Na Mama Eunisi, na mama mkwe, na mwingine mgonjwa. Kwa ile kona ya juu nikapunguza, kuna matope. Ile mluzi yako ikanyamaza kwanza. Halafu injini ikanyamaza."

"Ukafanya nini?"

"Nikatoa plagi, zimelowa petroli chapa chapa. Nikapangusa, ikawaka, ikazima. Nikapangusa tena. Mara tatu, fundi." Akaweka kikombe chini. "Mtoto alizaliwa pale. Hakulia."

Nilielewa kabla hajamaliza. Kwenye kona ile gari lilikuwa limejaa na linakwenda pole, injini inazunguka kidogo, na feni haitoi kitu. Hewa ilikatika, lakini mimi nilikuwa nimeiachia kabureta imwage petroli ya gari la mashindano. Injini ikazama. Lile gari kuukuu, kabla sijaligusa, lilikuwa linatambaa. Mimi ndiye niliyelifundisha kuzima.

Mama Eunisi aliniambia baadaye kwamba mtoto alikuwa amejigeuza vibaya, kwamba labda hata hospitali asingepona. Labda. Nimeishi na hiyo labda miaka yangu yote, nimelala nayo na kuamka nayo. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lile la mluzi nililifunga kwa mikono yangu, nikalipaka na grisi.

Fundi Gurdial aliporudi hakupiga kelele. Alizunguka gari mara moja, akainama, akainuka. "Ulijaribu wapi?"

"Kikopey, fundi."

"Mama nazaa Kikopey?"

Tulipakia magunia ya mchanga, uzito wa watu sita, tukaenda Subukia. Siku zile ulitoka mjini kwa kipande, kile kitambulisho cha serikali, na barua ya ruhusa, tukachelewa kwenye kizuizi cha askari. Tulipofika chini ya mlima aliniambia nishuke nipande kwa miguu, kando ya gari, na Kiprono aendeshe. Nilipanda. Ukungu ulikuwa umeshuka katikati ya miti, na gari lilinipita, likanitokea tena kwenye kona inayofuata, limezima. Mimi nilipofika nilikuwa napumua kwa mdomo, mikono kwenye magoti. Fundi Gurdial akaniambia nisikilize Kiprono anapoliwasha na kuanza tena. "Sikia injini nazunguka namna gani. Polepole. Hapa, hii mwendo, ndiyo naomba hewa. Blowa gani natoa hewa hii mwendo?"

"Mapacha," nikasema.

"Sasa wewe fundi," akasema. Nililia, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuhitaji kujificha.

Mapacha niliifunga kwa siku tisa. Andikeni haya. Kwanza nilichonga mfano wake wa mbao, nikauweka mahali pake, nikajua boneti ikatwe wapi kabla ya kugusa msumeno. Nafasi kati ya vile vyuma viwili niliipima kwa karatasi ya sigara: ipite kwa taabu, lakini ipite. Puli ya blowa nilichagua kubwa, ili blowa isizunguke kupita kiasi. Tamaa ya msukumo ndiyo inayotoboa pistoni. Gasketi ya silinda niliifanya nene kidogo, cheche nikaichelewesha kidogo ili injini isigonge, kabureta nikairudisha kwenye adabu. Chujio la hewa nililifanya la kuoga oili, vumbi likwame humo. Halafu nilijaribu Subukia, na magunia, kwenye matope, na kwenye kona ile nilimwambia Kiprono asimame kabisa aanze upya. Likaanza. Halikuwa na mluzi. Lilinguruma kama mzinga wa nyuki, na boneti ilikuwa na nundu kubwa ya bati. Askari wa kizuizini walizoea mngurumo ule wakawa wanainua mti kabla gari halijatokea.

Watu wa mjini waliniuliza kwa nini nimelifanya gari la misheni libaya namna ile. Niliwaonyesha barabara ya Subukia, nikarudi kazini.

Mwaka ukapita na kidogo. Siku moja Mama Eunisi alituma ujumbe niende zahanati nikague mkanda wa blowa, leo leo. Nikapanda lori la mahindi nikaenda. Mkanda ulikuwa mzima kabisa. Nilipokuwa najipangusa mikono, wakamtoa mwanamke, wamemshika huku na huku, wakampakia nyuma. Mama Eunisi akaniambia, "Wewe kaa mbele na Kiprono." Nikadhani ananifadhili lifti. Kiprono akaninong'oneza, "Ni Rebeka." Nilikuwa sijawahi kumwona uso wake.

Ilikuwa alasiri, mvua nyembamba, na bonde lote limefutika. Kulikuwa na barabara hatua ishirini mbele yetu, na sauti mbili tu duniani, mngurumo wa Mapacha na pumzi za mwanamke yule nyuma yangu. Zilianza kwenda pamoja. Injini ikivuta, anavuta. Nilijikuta navuta nazo. Sijui tulichukua muda gani. Nakumbuka mkono wa Kiprono ukienda kwenye gia bila haraka, na kona ile ikija polepole kutoka ndani ya weupe, na tope lake, na jiwe lake, na gurudumu la nyuma likiteleza kidogo. Injini ikashuka sauti. Nikaacha kupumua. Mapacha ikachota, ikachota tena, na kona ikaanza kubaki nyuma yetu.

Tulipofika juu, ukungu ukapasuka. Nilishindwa kunyamaza. Niligeuka nikamtazama, ametapakaa jasho, ameshika chuma cha kitanda. Nikasema, "Mama, ile mara ya kwanza... blowa ile niliichagua mimi."

Aliniangalia mpaka uchungu mmoja ukapita.

"Najua," akasema. "Kiprono aliniambia zamani. Ndio nikamwambia Mama Eunisi akuite. Nilisema mimi siingii hii gari kama huyo fundi hayuko ndani. Ikizima, na yeye aone."

Mama Eunisi alitazama dirishani. Mimi nikageuka mbele, nikausikiliza mngurumo wa Mapacha mpaka Nakuru.

Mtoto alizaliwa hospitali jioni ile, wa kiume, na alilia mpaka Kiprono akamsikia kutoka nje kwenye gari. Rebeka sikumwona tena, wala hakunitumia salamu, wala sikuzidai. Lakini kwa miaka yote niliyofanya kazi baada ya hapo, magari ya maziwa, ya pareto, ya wakubwa na ya maskini, sikumpa mtu ufunguo wa gari nililolifungia blowa kabla ya kupakia mzigo wake, kwenda kwenye mlima wake, na kuupanda mimi mwenyewe nikiwa nimeketi ndani.